Vipele vya ndevu kwa mlinzi aliyelazimika kunyoa kila siku: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki nawaandikia wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, vinyozi, na kila mwanaume ambaye shingo humuwasha saa chache baada ya kunyoa. Mgonjwa mwenyewe aliridhia kiandikwe. Nitamwita Salum, jina ambalo si lake. Mahali pake pa kazi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa. Dawa, mfuatano wa matukio na makosa, yakiwemo yangu, nimeyaacha kama yalivyokuwa.

## Historia yake

Salum ana miaka 26, ni mlinzi wa kampuni binafsi jijini Dar es Salaam. Amepanga chumba kimoja, maji anachota kwenye bomba la uani. Ndevu zake ni nene, ngumu, zimejikunja sawasawa na nywele za kichwani. Kabla ya ajira alikuwa akipunguzwa kwa mashine saluni kila baada ya wiki mbili tatu, na ngozi yake haikuwahi kumsumbua.

Alipoajiriwa, miaka miwili kabla ya kuja kwetu, alikuta sharti moja: paredi ya saa kumi na mbili asubuhi mlinzi anasimama akiwa na kidevu laini. Afande hupita mstarini, na asiyemridhisha hurudishwa nyumbani na siku yake hukatwa. Salum akawa anaamka saa kumi alfajiri, ananyoa kwa maji baridi na sabuni ya mche, kwa reza ya kutupa yenye nyembe mbili ambayo aliitumia wiki mbili nzima. Ili asirudishwe, alijizoeza kutunisha shavu kwa ulimi, kuvuta ngozi ya shingo kwa vidole mpaka ikaze, kisha kupandisha reza kutoka chini kwenda juu, mara tatu au nne palepale. Akimaliza anajipaka spiriti.

Baada ya miezi kama mitatu vipele vikatokea chini ya taya. Wenzake lindoni wakamwambia ni uchafu: reza chafu, taulo chafu, damu chafu. Akaanza kusugua kwa dodoki kabla ya kunyoa. Akapaka ndimu. Akajaribu shabu, lile jiwe jeupe la kukaza ngozi tunalolijua sote watu wa Pwani. Vipele vilipozidi akaamini reza yake ni dhaifu, akapandisha hadi ya nyembe tano. Zamu za usiku, mahali penye taa, alikuwa akifungua kamera ya simu, anajitazama shingo, na kung'oa kwa kibano ndevu zilizokuwa zimezama.

Mwishowe akaenda duka la dawa, akapewa tyubu ya krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali (dawa ya kushusha uvimbe), vyote ndani ya tyubu moja. Siku tatu vipele vikanywea. Akaacha, vikarudi. Akanunua nyingine. Aliipaka kwa miezi minane.

Jambo jingine alilisema kwa sauti ya chini, akiwa tayari amesimama ili aondoke. Mtaani watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ana virusi. Alikwenda kupima peke yake mara mbili, majibu yakaonyesha hana. "Lakini daktari, karatasi ya majibu siwezi kuibandika usoni," aliniambia.

## Tulichokikuta siku ya kwanza

Alikaa na kola imesimama, mkono shingoni. Upande wa kulia peke yake, kuanzia sikioni hadi kooni, nilihesabu vipele 43. Vingi vilikuwa vigumu, vyeusi kuliko ngozi inayovizunguka. Tisa vilikuwa na usaha. Chini ya taya kushoto palikuwa na makovu mawili yaliyotuna, kila moja sawa na punje ya mtama. Katikati ya vipele ngozi ilikuwa nyembamba, inang'aa, na ina mabaka meupe. Juu ya mdomo, penye sharubu, palikuwa safi kabisa. Kisogoni pia palikuwa safi.

Usafi huo wa juu ya mdomo ni dalili ya kuzingatiwa. Chunusi za kawaida zingekuwepo pia kwenye paji la uso na zingekuwa na vichwa vyeusi. Yeye hakuwa navyo. Fangasi wa ndevu wapo, na steroidi huwanenepesha, kwa hiyo nilikwangua magamba kidogo yakaangaliwa kwa hadubini. Hawakuonekana.

Kisha nikachukua lenzi ya kukuzia yenye taa. Pale ndipo kisa kizima kilipojieleza. Chini ya taya kulikuwa na udevu mmoja uliotoka kwenye kinyweleo chake, ukapinda kama mpini wa kikombe, na ncha yake ikazama tena ndani ya ngozi hatua ndogo tu kutoka pale ulipotokea. Kipele kilikuwa kimekaa pale pale ncha ilipoingilia. Nikachukua sindano mpya, nikaipitisha chini ya ule mpini na kuinua taratibu, bila kung'oa. Ncha ikachomoka, udevu ukaruka kama springi. Nikampa Salum kioo na lenzi atazame mwenyewe. Alitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni ndevu zangu zenyewe zinanichoma," akasema.

## Kinachotendeka ndani ya ngozi

Jina la Kilatini la tatizo hili ni pseudofolliculitis barbae. Sisi kliniki tunaliita vipele vya ndevu, na linatosha.

Udevu uliojikunja hujikunja tangu ndani: hata kinyweleo chake kimepinda. Ukiukata kwa wembe, unapata ncha ya mshazari yenye makali, mfano wa mkuki. Kuanzia hapo kuna njia mbili za kuumia. Ya kwanza ni ile niliyoiona kwa lenzi: udevu unatoka nje, unapinda, unajichoma. Ya pili inaanzia chini ya ngozi. Ukivuta ngozi kisha ukanyoa, au ukinyoa kinyume na uelekeo wa ndevu, udevu unakatwa ukiwa umevutwa nje. Ngozi ikiachiwa, ncha inarudi ndani. Ikianza kukua upya haiuoni mlango, inatoboa ukuta wa kinyweleo na kupita ndani kwa ndani. Kung'oa kwa kibano huleta balaa hiyohiyo. Kwa vyovyote vile, mwili huushughulikia udevu kama mwiba: unavimba, unatunga usaha, unaacha weusi, na kwa wengine unaacha kovu lililotuna.

Reza za nyembe nyingi zimetengenezwa kwa makusudi zikate chini. Gillette ilipotoa reza ya kwanza ya nyembe mbili mwaka 1971, sifa yake ilikuwa hiyo: wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata kabla haujarudi. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka ni neema. Kwa Salum kila wembe ulioongezeka ulizidisha idadi ya ndevu zilizozikwa.

Urithi nao una sehemu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa badiliko dogo katika jeni moja ya keratini (protini inayojenga nywele), ile inayoushikilia unywele ndani ya kinyweleo, huongeza uwezekano wa kupata vipele hivi karibu mara sita. Makadirio yanayotajwa sana kwa wanaume Weusi wanaonyoa ni kati ya asilimia 45 na 83. Kwa hiyo anayekuja na shingo ya namna hii asiulizwe kwanza kuhusu usafi wake. Salum alikuwa akinawa kupita kiasi.

## Uamuzi wa kwanza: kuacha kunyoa

Tiba iliyo na nguvu kuliko zote ni kuziacha ndevu ziote. Ndevu hukua kiasi cha milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku. Zikikaribia sentimita moja, mkunjo wake wenyewe unazichomoa kutoka zilikozama. Hiyo ni kama wiki nne. Nilimwandikia wiki nne bila wembe, bila mashine, bila kibano.

Krimu ya mchanganyiko tuliikata siku ileile. Steroidi kali ikiachwa ghafla baada ya miezi minane ngozi huwaka, kwa hiyo nilimpa haidrokotisoni, steroidi nyepesi, ya asilimia 1 kwa siku kumi ili ashuke ngazi taratibu, kisha aache kabisa. Kwa ajili ya usaha nilimpa losheni ya klindamaisini ya asilimia 1 asubuhi, na jeli ya benzoili peroksaidi jioni ili bakteria wasiizoee antibayotiki. Zaidi ya hapo, kitambaa cha maji ya vuguvugu shingoni dakika kumi, asubuhi na jioni, na kuzungusha mswaki laini juu ya ngozi kwa mkono mwepesi ili ncha zinazoanza kuzama zinyanyuke.

Nikamwandikia barua ya kazini. Nakumbuka maneno yake kwa sababu yaliniumiza baadaye: "Mgonjwa anashauriwa kupumzika kunyoa." Mstari mmoja, sahihi, muhuri.

## Barua iliyokataliwa

Siku ya sita alirudi akiwa amenyoa. Kidevu kinavuja damu. Barua alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne.

Afande wake aliisoma akamuuliza: apumzike mpaka lini? Ataota ndevu kiasi gani? Nikikuruhusu wewe, na hawa wengine? Salum hakuwa na jibu, kwa sababu mimi sikumpa. Akaambiwa achague kunyoa au kukaa nyumbani bila posho. Ana mtoto na kodi ya chumba. Akanyoa.

Kwa ruhusa ya Salum nilimpigia simu afande huyo. Nilidhani nitagombana na mtu mkali. Nilikuta mtu anayeogopa mkaguzi wa mteja wao. Alisema, "Daktari, mimi sichukii ndevu. Ninaloulizwa ni unadhifu. Niandikie kitu ambacho mteja akiuliza nitamwonyesha."

Barua ya pili ilikuwa na mambo haya: kwamba ni ugonjwa wa ngozi usioambukiza, kwamba unasababishwa na kunyoa chini sana, kwamba ndevu zitaachwa kwa wiki nne tu, na tarehe ya mwisho imetajwa, kwamba baada ya hapo zitapunguzwa kwa mashine zibaki kama milimita 1, zikiwa nadhifu, na tarehe ya kurudi kliniki. Nikaongeza sentensi moja kwamba jeshi la Marekani, lenye sheria kali za unyoaji, kwa miongo mingi lilikuwa na utaratibu wa kumpa askari mwenye ugonjwa huu kibali cha daktari abaki na ndevu fupi. Kumbe ndiyo sentensi iliyomgusa afande kuliko zote. Barua ilikubaliwa siku hiyohiyo, ila kwa wiki nne hizo Salum akapangwa zamu ya usiku.

(Nchini Marekani jambo hili limefika hadi mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba kanuni ya mwajiri mmoja ya kukataza ndevu kabisa iliwaumiza wanaume Weusi isivyo haki, kwa sababu ya vipele hivi hivi. Sikuyaandika haya kwenye barua. Sikutaka afande aone anatishwa.)

## Wiki nne za kusubiri

Siku ya tisa baada ya kuacha kunyoa vipele viliongezeka. Hili hutokea na nilipaswa kumwandaa: ndevu zilizokatwa zikianza kurefuka, nyingi hujichoma kwanza kabla hazijafikia urefu wa kujinasua. Salum alinipigia usiku akiwa na reza mkononi. Alisema anajisikia kama amekatwa shingo yote. Nilimwomba avumilie siku tano na aje asubuhi. Alikuja; tuliinua kwa sindano ndevu kumi na mbili zilizokuwa zimelala juujuu, zilizozama kabisa hatukuzigusa. Kuanzia wiki ya tatu muwasho ukakata. Wiki ya tano upande wa kulia ulikuwa na vipele sita, vyote vikavu.

Maji ya vuguvugu nayo yalikuwa na kisa chake. Nilimwambia "tumia maji ya moto" kama mtu mwenye bomba la maji ya moto bafuni. Yeye saa kumi alfajiri hakuwa na muda wa kuwasha jiko. Mkewe ndiye aliyelitatua: usiku anajaza chupa ya chai maji ya moto, alfajiri Salum anayachanganya na ya ndoo na kuchovya kitambaa. Tangu hapo kila mgonjwa wangu namuuliza kama nyumbani kuna chupa ya chai.

Kosa jingine lilikuwa dogo kwa macho yangu, kubwa kwake. Benzoili peroksaidi hupausha nguo. Sikumwambia. Kola ya shati lake la sare, la buluu, ikapata mabaka ya rangi ya chungwa, na shati lilikatwa kwenye mshahara wake.

## Kurudi kwenye kunyoa

Wiki ya sita tulikaa kuchagua njia. Krimu na poda za kuyeyusha ndevu huacha ncha butu isiyochoma, lakini huunguza ngozi iliyo dhaifu, na ya kwake ilikuwa bado nyembamba kwa sababu ya steroidi. Nikaziweka kando. Leza ya Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, ndiyo iliyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi na hupunguza ndevu kwa muda mrefu, ila gharama yake haikuwa ya mtu wa kipato chake. Tulibaki na mashine.

Alinunua Kariakoo mashine ndogo ya kuchaji, yake peke yake. Kuwa nayo mwenyewe kuna faida mbili: mapunye na maambukizi mengine ya saluni yanakaa mbali, na hakuna anayemshawishi apigwe ziro. Nilimwelekeza apunguze kila baada ya siku mbili, asiikandamize, asivute ngozi, na aache kiasi cha milimita 1, kile kivuli cha ndevu ambacho kidole kinakihisi kabla ya jicho. Kitana namba moja huacha milimita 3 hivi, nyingi mno kwa paredi. Kwa hiyo alitumia mashine bila kitana, lakini kwa kuilaza, si kuisimamisha.

Wapo ambao hawana njia isipokuwa wembe, na Salum naye alinisisitiza nimfundishe kwa dharura. Hivi ndivyo tulivyofanya mbele ya kioo cha kliniki. Kitambaa cha vuguvugu kwanza, ndevu zilainike. Povu la kunyolea liachwe dakika tano kabla wembe haujagusa. Wembe mmoja, mpya, si tano. Ngozi iachwe ilale yenyewe. Mkono ushuke na ndevu zinakoelekea, kwa mikato mifupi, unasuuza kila mara, na sehemu moja isirudiwe zaidi ya mara mbili. Kisha maji baridi na mafuta laini yasiyo na manukato. Spiriti aliiacha. Alipoanza, vidole vya mkono wake wa kushoto vilipanda vyenyewe kwenda kuvuta ngozi ya shingo. Nikamshika mkono nikaushusha. Ukapanda tena. Mazoea ya miaka miwili. Tulimaliza kwa kumpa taulo alishike kwa mkono huo.

Wiki hiyohiyo nilimwanzishia adapalini ya asilimia 0.1 kila usiku, kwa ajili ya weusi na kuzuia ngozi isizibe vinyweleo. Niliwahi mno. Siku ya nne shingo ikachubuka na kuwasha, na kwenye ngozi nyeusi kila mchubuko unaacha baka. Tukasimamisha kwa siku kumi, tukaanza upya kwa usiku mbili kwa wiki.

## Wiki ya kumi na moja: saluni

Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri hadi Salum alipoalikwa sendofu ya shemeji yake. Akaingia saluni. Kinyozi akapiga ziro kutoka chini kwenda juu, akachonga kingo kwa wembe kuzunguka shingo, akapaka spiriti, kisha dada wa skrabu akamsugua uso mzima. Baada ya siku tano alirudi kwangu na vipele 17 shingoni.

Nilitaka kumlaumu. Nikajiuliza badala yake kama niliwahi kumtaja kinyozi hata mara moja katika wiki kumi na moja, na sikuwahi. Nikaomba tuende wote.

Kinyozi alikuwa mtu wa makamo, mstaarabu, ana miaka mingi kwenye kiti. Nilipomweleza alinijibu waziwazi: "Daktari, mteja akitoka hapa akajipapasa akakuta vinywele, anasema sijamnyoa. Kesho haji." Ni hoja ya riziki na sikuidharau. Nikamwonyesha kwa lenzi udevu uliozama. Akainama, akauangalia, akaomba lenzi tena.

Yeye naye akanifundisha kitu. Alichukua pamba kavu akaipitisha polepole juu ya shingo ya Salum. Upande ambao pamba iliteleza ndiko ndevu zinakoelekea. Upande iliponasa ni kinyume. Chini ya taya la kulia ndevu zilielekea sikioni. Kooni zilipanda juu. Kushoto zilizunguka kama maji kwenye shimo la sinki. Mimi tangu wiki ya sita nilikuwa nimemwambia "nyoa kuelekea chini", na kwenye koo lake kuelekea chini ndiyo kinyume chenyewe. Tulichora mishale kwenye karatasi, nakala moja akabaki nayo kinyozi, nyingine Salum akaibandika pembeni ya kioo chake.

## Matokeo

Mwezi wa sita shingo yote, pande zote mbili, ilikuwa na vipele vinne. Mabaka meupe ya steroidi yalikuwa yamejaa rangi karibu yote. Weusi wa vipele vya zamani ulikuwa umefifia kwa kiasi, hasa kwenye shavu, shingoni bado. Anapunguza kwa mashine kila siku mbili, na barua yake huandikwa upya kila baada ya miezi mitatu. Alirudishwa zamu ya mchana. Walinzi wenzake wawili wameletwa kwetu na afande yuleyule.

Makovu mawili ya taya la kushoto hayajaondoka. Moja nililichoma sindano ya triamsinoloni, steroidi ya kushusha kovu, mara mbili likashuka. La pili bado linawasha.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichobeba kisa hiki ni kuacha kunyoa na, baadaye, kubakiza milimita 1. Dawa zote nilizompa zilisaidia pembeni. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu wagonjwa wetu, na sisi pia, tunapenda tyubu. Kama ningempa Salum klindamaisini peke yake aendelee na reza ya nyembe tano, usaha ungekauka wiki mbili, na ndevu zingeendelea kujichoma kila alfajiri.

Lenzi ilifanya kazi ambayo maneno yangu yasingeweza. Kabla ya kuuona ule udevu kwa macho yake, Salum aliamini kwamba ananyoa vibaya kwa sababu hanyoi chini vya kutosha. Baada ya kuuona, kibano alikitupa mwenyewe. Asiye na lenzi ya kliniki anaweza kutumia kamera ya simu ikisogezwa karibu chini ya mwanga, inaonyesha.

Kuhusu krimu ya mchanganyiko, nilifika kwenye jibu kwa kuchelewa hata siku ileile ya kwanza. Nilimuuliza "umetumia dawa gani?", akasema hakuna. Kwake ile haikuwa dawa, ilikuwa krimu. Niliijua tu nilipoona ngozi inavyong'aa nikamuuliza "unapaka nini?" Swali la pili ndilo la kuanza nalo. Wenzangu wa maduka ya dawa nawaomba kwa dhati: steroidi kali usoni, kwa vipele ambavyo havijatambuliwa, inanunua siku tatu za nafuu kwa miezi ya kuharibika. Inapunguza uvimbe, haiuondoi mwiba.

Barua ya kwanza ilikuwa ya kivivu na iligharimu siku sita na shingo inayovuja damu. Mwajiri anahitaji urefu, muda na tarehe. Nadhani wengi wetu tunaandika barua fupi tukidhani muhuri unatosha. Sasa nina barua ya mfano kwenye droo, ninajaza nafasi tu.

Adapalini ilikuwa haraka yangu. Ngozi iliyotoka kwenye steroidi ilihitaji angalau mwezi wa kupumzika kabla ya kuchokozwa, na weusi ungeweza kungoja. Salum ndiye aliyekuwa akiuliza kila mara kuhusu weusi, na nilitaka kumfurahisha.

Na kuna ushauri wa "kuelekea chini". Unaandikwa kila mahali, nami nilifundishwa hivyo na nimeufundisha. Kwenye mashavu ni sahihi kwa wengi. Shingoni ndevu za kila mtu zina ramani yake. Siku hizi pamba kavu iko mezani kwangu karibu na lenzi, na karatasi yenye mchoro wa uso mtupu. Mgonjwa anajipapasa mwenyewe na kuchora mishale yake kabla hatujazungumza habari ya dawa yoyote.

Salum atarudi mwezi ujao kwa sindano ya tatu kwenye lile kovu lililoshuka. Amesema atakuja na mdogo wake, ana miaka 17, ndevu za kwanza zimeanza kutoka, na tayari ameanza kuazima reza ya kaka yake.